Stadi za Maisha Hufundishwa Uwanjani Pia

Mwanafunzi anaweza kueleza vizuri maana ya ushirikiano kwenye daftari, akapata alama zote, kisha akashindwa kugawana kazi ndogo na wenzake. Stadi za maisha huingia kwa kutenda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu miongoni mwazo kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kuwajali wengine na kumudu hisia. Zote zinaweza kufundishwa nje ya darasa, kwa mpira wa soksi, kamba, jembe na mwalimu au mlezi aliyejipanga.

Jipange kabla ya kutoka

Chagua stadi moja kwa kila kipindi. Ukitaka kufundisha zote kwa siku moja, watoto watakumbuka mchezo tu. Darasa likiwa kubwa, ligawe katika makundi ya watoto 8 hadi 10. Kila kundi liwe na kiongozi, mtunza muda, mtunza vifaa na msemaji. Nafasi hizo zizunguke kila wiki, ili mtoto mkimya naye aongoze, na aliyezoea kusema ajifunze kusikiliza.

Michezo inayofundisha

*Rede.* Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kila mara anaamua papo hapo: ainame ajaze, au akimbie? Waache wachezaji waweke kanuni wenyewe kabla ya kuanza. Ubishi wa "nimekupata" na "hujanipata" ukizuka, usikimbilie kuamua. Wape nafasi wasikilizane. Ingilia pale tu matusi au mikono inapoanza.

*Kombolela.* Mchezaji ambaye bado amejificha huweza kujitokeza na kuwakomboa wenzake waliokwisha kukamatwa. Muulize baadaye kwa nini aliamua kutoka, au kwa nini alibaki mafichoni. Majibu yake yatafungua mazungumzo mazuri juu ya ujasiri na kuwajali wengine.

*Kumwongoza aliyefungwa macho.* Mmoja hufungwa kitambaa, mwenzake humpitisha kati ya vikwazo kwa maneno tu, kisha hubadilishana. Mtoto hutambua upesi kwamba "pita pale" haimsaidii asiyeona. Inabidi aseme: "Piga hatua tatu mbele, simama, geuka kulia."

Bustani ya shule

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa Tanzania mwaka 1967, shamba limekuwa sehemu ya shule nyingi nchini. Lakini shamba linalotumika kuwaadhibu wachelewaji huwafundisha watoto kuichukia kazi. Lipe kila kundi tuta lake. Anzeni na mchicha, kwa kuwa unaweza kuvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, kabla watoto hawajachoka kusubiri. Wapange zamu za kumwagilia, waandike gharama ya mbegu na mapato ya mauzo, kisha waamue fedha itumikeje.

Tuta likinyauka kwa sababu wa zamu hakuja Jumamosi, usilimwagilie kimyakimya ili kuwaokoa. Waite wapange upya ratiba yao. Hasara ya mchicha ni ndogo, na somo la uwajibikaji ni kubwa.

Tuza unachotaka kukikuza

Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, huzipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, si kwa mabao peke yake. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo: pointi kwa mabao, pointi nyingine kwa nidhamu na kwa kumkaribisha mchezaji mgeni.

Mazungumzo baada ya mchezo

Hapa ndipo mchezo unapogeuka somo, na ndipo wengi wetu tunapokosea kwa kupuliza filimbi na kurudi darasani. Tenga dakika 10. Kaeni duara kivulini, uliza maswali matatu: Nini kimetokea? Kwa nini kimetokea? Ni wapi kwingine, nyumbani au mtaani, jambo hili hutokea? Sikiliza zaidi ya kusema, wala usimcheke anayejibu tofauti.

Wote washiriki, wote wawe salama

Mtoto mwenye ulemavu asifanywe mlinzi wa mabegi kila siku. Muulize yeye mwenyewe angependa kucheza vipi, kisha badilisha kanuni: uwanja uwe mdogo, au mpira uviringishwe chini. Wasichana na wavulana wapewe uongozi kwa usawa.

Kagua uwanja kwanza uondoe vioo na misumari. Toka asubuhi au jioni, jua likiwa si kali, na maji ya kunywa yawepo. Radi ikisikika, ingieni ndani ya jengo na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mkitoka nje ya shule, pata idhini ya wazazi, beba sanduku la huduma ya kwanza, na hesabu watoto wakati wa kwenda na wa kurudi.

Mwalimu, tenga kipindi kimoja wiki hii uanze na mchezo mmoja. Mzazi, mtoto akirudi na vumbi miguuni, kabla ya kumkemea muulize leo amejifunza nini.