Simamisha Picha, Kisha Uliza



Muhula uliopita sisi wa mawasiliano ya umma tulipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki. Dakika mbili tu, bila filamu yenyewe. Sharti lilikuwa kila kundi lifanye kwanza utafiti wa hadhira, na mpango wa filamu utokane na utafiti huo. Kundi letu lilikuwa la watu watatu, wote wanachama wa jumuiya hii. Ninaandika kwa sababu wadogo zetu wa mwaka wa pili watapewa kazi hiyo hiyo, na kwa sababu nusura sisi tufanye jambo la aibu.

Tulianza pale wanapoanzia wote: hojaji ya Google Forms. Je, unapenda filamu za taharuki? Mhusika mkuu awe mwanamume au mwanamke? Muziki au kimya? Tukaituma kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na kwa siku mbili tukapata majibu arobaini na kitu. Karibu wote walisema wanapenda taharuki, wanapenda giza, wanapenda muziki wa kutisha. Tukachora miduara yenye rangi ikapendeza. Lakini ukiniuliza ni uamuzi gani tuliufanya kwa kuitazama ile miduara, sina jibu. Mtu akiulizwa anapenda nini hujibu kwa kukumbuka filamu aliyoitazama juzi. Tena waliojibu walikuwa watu wa rika letu, wa dini yetu, wengi wao wa hosteli zetu. Tulikuwa tumejiuliza wenyewe na kujijibu.

Wazo la filamu tulilitoa darasani. Mwalimu alitusimulia habari za Alfred Hitchcock, ambaye mwaka 1962 alihojiwa kwa siku kadhaa na mwongozaji wa Ufaransa, François Truffaut, na mahojiano hayo yakatoka kama kitabu mwaka 1966. Humo Hitchcock anatoa mfano wa watu waliokaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Ikiwa amemwona aliyeliweka na anajua saa ya kulipuka, atakaa na wasiwasi dakika 15. Orson Welles alikuwa ameshaifanya kazi hiyo katika Touch of Evil ya mwaka 1958. Shoti ya kwanza inaonesha bomu likiwekwa kwenye buti ya gari, kisha kamera inalifuata gari hilo mitaani zaidi ya dakika tatu bila kukatwa. Taharuki, kwa hiyo, ni hesabu ya nani anajua nini.

Basi tukapanga: kibanda cha video, watu wanatazama mpira, mwanamume mwenye kanzu na kofia anaingia na begi. Anakaa. Analisukuma begi chini ya benchi, anatoka. Baadaye katika hadithi ingejulikana kwamba yeye ndiye aliyekuja kuwaokoa watu. Tuliona tumeipata: tutamtisha mtazamaji, halafu tutamwonesha kwamba alimdhania vibaya Mwislamu.

Tulipiga sekunde 40 za majaribio kwa simu, na safari hii hatukutuma hojaji. Tulikwenda kwa watu: kantini, hosteli zisizo zetu, na kibanda kimoja cha video pale Wandegeya. Tulimwonesha mtu kipande kile, tukakisimamisha pale begi linapoingia chini ya benchi, kisha tukamuuliza mambo matatu. Huyu ni nani? Nini kitafuata? Umejuaje? Tuliandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasafisha.

Jibu la swali la kwanza lilikuwa neno moja, wanne mfululizo: gaidi. Umejuaje? Kanzu.

Jibu hilo lilitushangaza, maana hapa Uganda kanzu si yetu peke yetu. Muganda wa dini yoyote huivaa na koti juu yake siku ya kwanjula, akienda kwa wakwe. Tukarudi, tukapiga upya kipande kile kile na mtu yule yule na begi lile lile, ila tukamvua kofia na kumvisha koti. Sasa watu walisema anatoka kwanjula, begi lina zawadi, labda amelewa na atalisahau. Kumbe kofia ndiyo iliyogeuza zawadi kuwa bomu. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba ndugu zetu wawili, tunaosimama nao safu moja, walipooneshwa kile cha kofia nao walisema vile vile.

Mzee mwenye kibanda hakujibu maswali yetu matatu. Alitazama kipande hadi mwisho, akaturudishia simu, akasema tangu Julai 2010 bado anaangalia chini ya mabenchi kila mechi kubwa. Sisi tulikuwa watoto wakati ule. Yeye alikuwa mtu mzima usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 11, pale mabomu yalipolipuka Kyadondo na Kabalagala na watu zaidi ya 70 wakafa, waliokuwa wamekwenda kutazama mpira. Tulilikopa bomu la Hitchcock kana kwamba ni mfano wa kitabuni tu. Kwa hadhira yetu halikuwa mfano.

Jioni hiyo tulibishana sana. Mwenzetu wa kamera alisema utafiti umethibitisha kwamba kipande kinatisha, na tumeambiwa tufuate utafiti. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Watengenezaji wa Fatal Attraction, mwaka 1987, waliwaonesha watazamaji wa majaribio mwisho ambao mwanamke anajiua, watazamaji hawakuridhika, wakapiga mwisho mwingine ambao anauawa, na filamu ikaingiza pesa nyingi mno. Lakini watazamaji hukuambia wanahisi nini. Kama inafaa kukifanya au la, hilo unabaki nalo mwenyewe. Halafu kulikuwa na jambo ambalo hatukuliona kwenye karatasi: ule ukombozi wa mwishoni haukuwepo. Tuliagizwa dakika mbili. Mtazamaji wetu angemwona Mwislamu akiacha begi, kisha skrini ingekuwa nyeusi. Mwanzo wa filamu wa mwanafunzi ndiyo filamu yote.

Tuliufuta.

Duru ya pili tuliuliza swali moja tu: mara ya mwisho uliogopa ukiwa peke yako ilikuwa lini, na ilikuwaje? Hapo ndipo watu walipofunguka. Umeme kukatika kwenye ngazi za hosteli. Nambari usiyoijua inapiga na kukuita kwa jina lako. Zaidi ya yote, boda boda usiku, hasa kwa dada zetu. Tukaandika mpango mpya. Binti anatoka darasa la jioni. Kabla hajafika barabarani sisi tunamwona mwendesha boda akipokea simu na kusema, "Ndiyo, namwona." Binti anapanda. Pikipiki inaondoka, na kwenye njia panda inakwenda upande usio wake. Sisi tunajua, yeye hajui.

Tukairudia mbinu ile ile: majaribio kwa simu, simamisha, uliza. Wanaume walishtuka kwenye njia panda, kama tulivyotaka. Wanawake walishatushinda. Tuliposimamisha picha binti alipokuwa anapanda tu, dada mmoja wa mwaka wa tatu alisema, "Huyo ashuke." Kwa nini? "Ametajiwa bei ya kawaida bila kubishana. Boda wa usiku asiyepandisha bei anataka kitu kingine." Hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo, mwigizaji alisahau tu maneno yake ya kupatana. Wawili wengine wakasema vile vile bila kusikilizana. Kosa letu likawa moyo wa kipande. Simu tukaiondoa kabisa, tukaweka sekunde 20 za mapatano ambayo hayatokei. Kwa hiyo wagawe unaowauliza, na usichanganye majibu yao kwenye mduara mmoja. Wastani wa wanaume na wanawake ungetuficha jambo hili.

Na usiulize tu, tazama pia. Kwenye kibanda kile kuna VJ anayefasiri filamu za nje kwa Kiganda papo hapo, na yeye haangalii skrini tu, anaangalia visogo vya watu. Alituambia wakianza kuzungumza wamepotea, wakinyamaza wameshikwa. Tulipoonesha kipande chetu tulikaa nyuma, tukaandika ni sekunde ya ngapi watu waliponyamaza. Ilikuwa ya 31. Kila kilichokuwa mbele yake tulikifupisha.

Limebaki moja ambalo sijalimaliza. Siku mbili kabla ya kuwasilisha tulimwonesha mwendesha boda wa stendi ya getini, anayetubeba kila siku. Alitazama, akacheka kidogo, akauliza: "Mmeondoa kofia yenu, mkaniweka mimi?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tukamuuliza yeye angefanyaje. Alifikiri, akasema mwendesha boda naye apate sekunde zake: baada ya njia panda, kamera itazame kioo cha pembeni, tuyaone macho yake, na mkono wake kwenye usukani unatetemeka. Ijulikane kuna mtu anayemtuma, naye anaogopa pia. Tulikipiga kesho yake saa kumi na mbili jioni, yeye mwenyewe akiendesha.