JE, KUSEMA MAKOSA YA TABIBU NI KUSENGENYA?

Ndugu mmoja wa darsa yetu, naye ni muuguzi, ametuuliza: akiona mgonjwa adhurika kwa uzembe wa mkubwa wake, je, akisema huwa amesengenya? Au amsitiri, kama tulivyohimizwa kusitiriana?

Kabla ya kujibu, twataka wasomaji wetu wakisikie kisa cha Bristol, mji wa Uingereza. Mwaka 1988 Dk. Stephen Bolsin, bingwa wa dawa za usingizi, alianza kazi katika hospitali kubwa ya huko. Akaona upasuaji wa moyo wa watoto wachanga wachukua muda mrefu mno, na wafao ni wengi. Mwaka 1990 alimwandikia mkuu wa hospitali; hakusikizwa. Basi akakaa kuhesabu: wangapi wamepasuliwa, wangapi wamekufa. Januari 1995 madaktari walikutana juu ya mtoto wa miezi 18. Yeye peke yake akapinga asipasuliwe. Wenziwe wakashika lao. Siku ya pili mtoto akafia juu ya meza ya upasuaji.

Mwaka 1998 madaktari watatu walitiwa hatiani na baraza lao. Mwaka 2001 tume ya Profesa Ian Kennedy ikaeleza kwamba baina ya 1991 na 1995 walikufa pale watoto wa chini ya mwaka mmoja 30 hadi 35 zaidi ya waliotazamiwa kufa. Bolsin mwenyewe alikuwa keshahamia Australia.

Sasa turudi kwa suala. Imam Nawawi, katika Riyadhus-Salihin, ametaja mambo sita yanayohalalisha kumsema mtu nyuma yake, na miongoni mwao ni kumshitaki dhalimu kwa mwenye uwezo, na kuwatahadharisha watu na shari. Wanazuoni wa hadithi wakiwataja wapokezi kwa majina: huyu mwongo, huyu hana hifadhi. Ikiwa riwaya ililindwa hivyo, roho ya mtoto je? Sitara ni ya aibu iliyo baina ya mja na Mola wake. Kisu mkononi mwa asiyekiweza si faragha ya mtu.

Lakini Suratul-Hujurat ikatazayo kusengenya ndiyo hiyo hiyo iamrishayo kuhakikisha habari. Basi muuguzi na aandike: siku, saa, dawa, kipimo. Ampelekee mkubwa wake. Akinyamaziwa, aliye juu yake. Kisha baraza la serikali lisimamialo madaktari. Kuyamwaga kahawani, au kuyatupa katika simu pamoja na jina la mgonjwa, huko ndiko kusengenya.

Na khofu ya kupoteza kazi? Hatutamdanganya ndugu yetu. Khofu hiyo ina sababu. Bali twawauliza jamaa zetu walio katika kamati za hospitali: ni nani kati yenu aliyepata kumwambia mfanyakazi mdogo, waziwazi, kwamba akija na habari kama hii atasikizwa wala hatafukuzwa?