Ardhi ya Jamii: Kwa Nini Jina la Mama Liwe Kwenye Rejista

Katika mabaraza yanayoitishwa vijijini kuhusu usajili wa ardhi ya jamii, mjadala hukolea panapotajwa mipaka. Malisho yanaishia wapi? Mto ni wa nani? Wazee huinuka, vijana hujibu, na mara nyingine mkutano huahirishwa. Wakati huo huo kuna karatasi nyingine inayopita mikononi bila kelele, nayo ni orodha ya majina ya wanajamii. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua nani atapiga kura siku ardhi itakapotakiwa na mwekezaji, na nani atahesabiwa siku fidia itakapolipwa.

Kabla ya Katiba ya 2010, ardhi kubwa ya wafugaji ilikuwa mikononi mwa mabaraza ya kaunti ya wakati huo, ambayo yaliishikilia kwa niaba ya wakazi. Kwa karatasi wakazi walikuwa wenyewe, lakini kwa vitendo mara nyingi walipata habari mambo yakiwa yamekwisha. Waendorois wa Baringo ndio mfano unaojulikana zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria ili pawe hifadhi ya wanyama. Wakapoteza malisho, chumvi ya mifugo na mahali pao pa ibada. Mahakama Kuu ya Nakuru ilitupilia mbali kesi yao mwaka 2002. Hawakuchoka. Walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, na mwaka 2010 uamuzi ukatangazwa kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya kumiliki mali na haki ya maendeleo.

Waogiek wa Msitu wa Mau nao walifika Mahakama ya Afrika jijini Arusha baada ya kupewa notisi ya siku 30 ya kuhama mwaka 2009. Mei 26, 2017 walishinda. Juni 23, 2022 mahakama hiyo iliagiza walipwe Sh57,850,000 kwa hasara ya mali na Sh100 milioni kwa machungu waliyopitia, na ardhi yao ipimwe na wapewe hatimiliki ya pamoja.

Kesi hizo zilichukua miaka mingi, na kutekelezwa kwa maamuzi hayo kumekwenda polepole mno. Hata hivyo zilisaidia kukubalika kwamba jamii, kama jamii, inaweza kumiliki ardhi. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema hivyo waziwazi, na kinataja pia ardhi ya mababu ya jamii zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaweka utaratibu.

Jamii husajiliwa hivi

Msajili wa ardhi ya jamii hutoa tangazo gazetini na redioni, akiwaita wote wenye maslahi katika ardhi husika kwenye mkutano wa hadhara. Mkutano huo huchagua kamati ya usimamizi yenye watu 7 hadi 15. Kamati huandaa rejista ya wanajamii, kisha humpelekea msajili jina la jamii, rejista hiyo, kumbukumbu za mkutano na kanuni za kuendesha mambo yao. Upimaji na hatimiliki hufuata baadaye.

Watu wengi hudhani mamlaka yako kwa kamati. Siyo. Mamlaka makubwa yako kwa mkutano mkuu wa jamii, yaani watu wazima wote wa jamii hiyo, wanaume kwa wanawake. Kamati haiwezi kuuza ardhi wala kuitoa. Uamuzi wa aina hiyo unahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Mkataba na mwekezaji nao unahitaji idhini ya theluthi mbili ya mkutano mkuu, baada ya mashauriano ya wazi.

Neno la kutilia maanani hapo ni “waliosajiliwa”. Tuchukue mfano wa jamii yenye watu wazima 900: wanaume 400 na wanawake 500. Wote wakiwa kwenye rejista, ardhi haitoki hadi watu 600 wakubali, na wanaume peke yao hawafiki hapo hata wakikubaliana wote. Sasa tuseme rejista imeandikwa kwa jina la mwenye boma tu, kama ilivyozoeleka. Rejista ina watu 400, na theluthi mbili yao ni watu 267. Watu 267 kati ya 900 wanaweza kuiondoa ardhi ya wote, na stakabadhi zao zikaonekana safi kabisa.

Hilo si jambo la kubuni. Chini ya sheria ya ranchi za vikundi ya 1968, rejista zilijaa majina ya wanaume. Ranchi nyingi za Kajiado na Narok zilipogawanywa, vipande vikaenda kwa walioandikwa. Wake na binti walibaki kutegemea hisani ya aliyeandikwa, naye alipouza kipande chake, familia nzima iliuzwa nacho. Wanaume maskini na vijana waliokuwa hawajasajiliwa waliumia pia. Hili halisemwi mara nyingi, lakini rejista fupi humfaidi anayetaka kununua kuliko anayeishi pale.

Pia anayejua thamani ya ardhi si lazima awe mwenye mifugo mingi. Kisima kikizungushiwa ua, atakayeongeza mwendo na mtungi mgongoni ni mama. Ni yeye anayejua chemchemi gani haikauki na mti gani una dawa. Mkutano unaojadili mwekezaji bila yeye unajadili kitu ambacho nusu yake haukijui.

Mke, mjane, aliyeachwa na binti

Kifungu cha 30 cha Sheria ya 2016 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia au hali ya ndoa. Aliyeolewa na mwanajamii, au mwanamume aliyemwoa mwanajamii, anakuwa mwanajamii moja kwa moja. Haombi ruhusa ya shemeji wala ya mzee wa ukoo. Mjane anabaki mwanajamii, ila akiolewa tena. Aliyetalikiana kisheria naye hapotezi nafasi yake siku ya talaka. Huipoteza akiolewa tena. (Msomaji makini ataona kwamba sheria inataja kuolewa tena kwa mwanamke tu, haisemi lolote kuhusu mwanamume anayeoa tena. Ni kasoro, na wabunge wangefaa kuiangalia.) Binti mtu mzima aliyezaliwa katika jamii ni mwanajamii kwa kuzaliwa, awe ameolewa au la.

Bila jina hilo, kutoka kwenye ndoa ni kutoka kwenye ardhi. Kijiji cha Umoja katika Kaunti ya Samburu kilianzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli na wanawake wenzake, wengi wao wakiwa wamefukuzwa na waume baada ya kubakwa. Ilibidi waanze upya mahali pao wenyewe.

Wajibu wa kaunti

Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Kaunti hairuhusiwi kuiuza, kuihamisha wala kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Serikali ikichukua sehemu yake kwa ajili ya barabara au mradi mwingine, fidia huwekwa katika akaunti maalumu yenye riba, na jamii hukabidhiwa fedha hizo ikishasajiliwa. Kwa hiyo jamii isiyosajiliwa inaweza kuona tingatinga leo na fedha zikabaki zikiingojea. Mkazi ana haki ya kuuliza, kwa barua, kama kuna fedha za aina hiyo zinazohusu eneo lake.

Tangazo likitoka kwa eneo lako, nenda mkutanoni na kitambulisho. Akina mama wasiachwe nyumbani wachunge mbuzi. Saa ya mkutano ipangwe baada ya kukamua na kuteka maji, na mwenyekiti aombwe hivyo mapema. Majina yakiandikwa, ombeni yasomwe kwa sauti, boma kwa boma, kabla ya mkutano kufungwa. Asiyesikia jina lake aseme hapo hapo na aombe malalamiko yake yaingizwe kwenye kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu hizo huenda kwa msajili pamoja na rejista. Asiyepata nafasi siku hiyo anaweza kumwandikia msajili wa ardhi ya jamii moja kwa moja. Chifu atakuelekeza ilipo ofisi yake. Bakia na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.