Jina Likikatwa, Sababu Iko Wapi?

Mwaka wa pili jina langu lilikatwa. Nilichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa klabu moja hapa Mazimbu (klabu yenyewe siitaji), nikahangaika na wadhamini, nikarudisha mapema. Ijumaa jioni orodha ikabandikwa mlangoni: majina mawili, langu halimo. Nikamuuliza katibu, "Kaka, kwa nini?" Akanijibu, "Dogo, kamati imeamua." Basi. Mimi na washikaji saba tukajitoa, tukafungua kundi letu la WhatsApp. Lilidumu semista moja, nikarudi klabuni kimya kimya.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu muhula huu kwenye kimbweta chetu tumebishana sana juu ya vyama tawala na namna vinavyopokezana kijiti. Wengi wanasema migogoro inaletwa na uroho wa madaraka. Mimi naona uroho upo kila chama, hata klabu ya watu arobaini. Kinachotofautisha ni majibu ya maswali matatu: kiti kinaachwa lini, nani anachuja, na aliyekatwa anaambiwa nini. Tuyapime maswali hayo kwa CCM, chama kilichoko madarakani tangu kilipozaliwa 5 Februari 1977.

Tuanze na lini. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais tangu 1962, na ni mabadiliko ya katiba ya 1984 yaliyoweka ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano. Mwaka huohuo, 12 Aprili, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, si mbali na hapa. Wengi waliamini yeye ndiye angempokea Mwalimu. Chuo chetu kina jina lake. Mwaka 1985 Halmashauri Kuu ikajadili majina matatu, la Ali Hassan Mwinyi, la Salim Ahmed Salim na la Rashidi Kawawa, na Mwinyi akapita.

Lakini Mwalimu alibaki na uenyekiti wa chama hadi 1990. Kofia mbili, vichwa viwili. Serikali ya Mwinyi ikikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mwenyekiti wa chama hakuficha mashaka yake. Baadaye chama kikajenga desturi: Mkapa alikabidhiwa uenyekiti 1996, Kikwete 2006, Magufuli 2016, kila mmoja ndani ya mwaka mmoja hivi tangu aingie Ikulu.

Faida ya desturi hiyo inaonekana ukiwatazama waliojenga majengo tunayosomea. Mazimbu ilikuwa SOMAFCO, shule ya wakimbizi wa ANC, ikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Afrika Kusini, ukomo wa katiba unambana rais wa nchi, haumbani rais wa chama. Desemba 2007, huko Polokwane, Thabo Mbeki akataka kuendelea kukiongoza chama kwa kipindi cha tatu. Jacob Zuma akamshinda kwa kura 2,329 dhidi ya 1,505. Septemba 2008 chama kikamtaka Mbeki aachie urais, akaachia.

Na pasipo na ukomo kabisa? Australia wabunge wa chama tawala waliweza kumbadilisha kiongozi wao wakati wowote. Gillard alimwondoa Rudd 2010, Rudd akarudi 2013, Turnbull akamwondoa Abbott 2015, na 2018 Turnbull naye akaondoka, akaingia Morrison. Mara nne waziri mkuu alibadilika ndani ya chumba cha chama. Kwetu presha hiyo inasubiri mwaka wa kumi, halafu inalipuka yote msimu mmoja.

Hapo ndipo linakuja swali la nani anachuja. Mwaka 1995, pale Chimwaga Dodoma, Mkutano Mkuu ulipelekewa majina matatu: Mkapa, Kikwete na Msuya. Kikwete aliongoza duru ya kwanza lakini hakufikisha nusu. Duru ya pili Mkapa akapata kura 686, Kikwete 639. Tofauti 47! Kikwete hakuhama. Alisubiri miaka kumi, na 2005 akapitishwa. Alijua ameshindwa na nani na kwa kura ngapi.

Mwaka 2015 mambo yakawa mengine. Waliorudisha fomu walipita thelathini. Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, alikuwa na kambi kubwa. Kamati Kuu ikatoa majina matano, lake halimo. Usiku huohuo wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakajitokeza mbele ya waandishi wa habari kujitenga na uamuzi, na kwenye kikao kilichofuata wajumbe wakaimba kwamba bado wana imani naye. Julai 28 Lowassa akahamia Chadema. Oktoba akapata asilimia 39.97 ya kura, Magufuli 58.46. Machi 2019 akarudi CCM.

Dada mmoja wa kimbweta chetu alinibana hapo: "Mbona 1995 Lowassa alikatwa pia na hakuondoka?" Swali zuri, lilininyima usingizi. Jibu langu ni kwamba mwaka 1995 alikuwa na miaka 41, na zamu nyingine ilikuwepo mbele. Mwaka 2015 alikuwa anakaribia 62. Mtu huvumilia kukatwa bila maelezo akiwa bado ana zamu ijayo. Zamu zikiisha, ule ukimya anausoma kama dharau, na watu wake wanausoma hivyohivyo.

Ndiyo maana swali la tatu naliona zito kuliko yote. Ukomo wa muda unajibu lini. Vikao vinajibu nani. Lakini aliyekatwa anaambiwa nini? Kura 47 ni maelezo. "Kikao kimeamua" si maelezo.

Sasa nikiri. Mwaka huu mimi ni mjumbe wa kamati ya klabu ileile. Mwezi uliopita, kwenye uchaguzi mdogo wa mweka hazina, tulikata jina la binti wa mwaka wa kwanza. Alinisubiri nje ya ukumbi, akauliza taratibu, "Kaka, kwa nini?" Nikajisikia mwenyewe nikisema, "Kamati imeamua."

Usiku nikamwandikia sababu halisi: wadhamini wake wawili walikuwa hawajalipa ada ya uanachama. Sentensi moja tu. Tungemwambia siku ile aliporudisha fomu, angerekebisha kabla ya chakula cha mchana. Meseji ameisoma, hajajibu, na simlaumu.

Fomu za uenyekiti zinafunguliwa Jumatatu. Nimewaambia wajumbe wenzangu kwamba kila jina litakalokatwa liandikiwe sababu yake pembeni, kwenye karatasi ileile inayobandikwa mlangoni. Wawili wamekubali, watatu wanasema nataka kuivuruga klabu. Orodha isiyo na sababu, mimi siisaini.