Kupona na kusalia: gari likifa, limekufa kwa nani?

Katika zoezi la tafsiri nilipewa matini kuhusu magari ya Chevrolet Corvette ya mwaka 1953. Yalitengenezwa 300 tu huko Flint, Michigan, kila moja kwa bei ya dola 3,498. Inakadiriwa kuwa 225 hivi “yamepona”, niliandika, na leo mengi huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Nilimsomea sentensi hiyo fundi mmoja mzee wa Bangboka, kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Akacheka. “Mutoto wangu, motoka yenye haitembei ilikufa.” (Motoka! Waingereza wenyewe karibu wamelitupa neno hilo. Sisi na Waganda bado tunaliendesha.)

Kamusi inakubali *pona* kwa maana ya kuokoka. Lakini kwa fundi, anayepona ni aliyeugua akatibiwa: gari lililopewa injini ya jingine limepona kabisa. Kwa mkusanyaji wa Marekani tiba hiyo hushusha bei, kwani yeye hutaka injini ile ile iliyotoka na gari kiwandani, hata kama gari limelala chini ya turubai miaka thelathini. Hilo limesalia, halikupona. Na lori la Bangboka lililobadilishwa kila kitu isipokuwa fremu limepona. Kama limesalia, sijui nijibu vipi.

Nimefuta “yamepona”, nimeandika “yamesalia”. Fundi bado anauliza: kati ya hayo 225, mangapi yanatembea? Matini hayasemi.