Tusisahau Mzizi wa Imani Yetu

Mtakatifu Mathayo anaanza Injili yake kwa kutaja majina ya mababu: Abrahamu, Isaka, Yakobo, Daudi, na wengine wengi, hata amfikie Yosefu mumewe Maria. Wasomaji wengi huyaruka majina hayo. Lakini mtu wa kwetu, aliyefundishwa tangu utoto kuhesabu wazee wa ukoo wake, yampasa kuelewa upesi maana yake. Mwinjili ataka tujue kwanza kwamba Bwana Wetu ana ukoo, na ukoo huo ni wa Wayahudi.

Jambo hilo li wazi. Hata hivyo, kwa karne nyingi Wakristo walilisahau, na kusahau huko kulileta madhara makubwa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanachuoni mmoja aliyetumia miaka ya uzee wake kuwakumbusha.

Jules Isaac alizaliwa Ufaransa mwaka 1877 katika jamaa ya Kiyahudi. Alikuwa mwalimu wa historia, na vitabu vyake vilisomwa miaka mingi katika shule za nchi hiyo. Mwaka 1940 serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimwachisha kazi kwa sababu ya Uyahudi wake. Mwaka 1943 mkewe na binti yao walikamatwa, wakapelekwa Auschwitz, wasirudi tena. Yeye aliokoka kwa kuwa hakuwapo wakati walipokuja kuwakamata. Katikati ya msiba huo hakuacha kazi aliyokwisha kuianza, yaani kuzisoma Injili katika Kigiriki na kuzilinganisha na mambo waliyofundishwa watoto wa Wakristo. Kitabu chake, Jésus et Israël, kilitoka mwaka 1948, nacho alikitoa kwa kumbukumbu ya hao wawili.

Katika kitabu hicho alitoa hoja 21. Tutaje chache tu. Yesu alizaliwa na mama Myahudi, akatahiriwa siku ya nane, akatolewa Hekaluni, akaenda katika sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Mitume wake wote walikuwa Wayahudi, na hata baada ya Pentekoste waliendelea kusali Hekaluni. Tena, wakati ule Wayahudi wengi hawakukaa Palestina kabisa, bali Aleksandria, Roma, Antiokia na miji mingine; wengi wao hawakupata kumsikia Yesu. Yawezekanaje basi kusema kwamba taifa zima lilimkataa? Wala kutawanyika kwao si adhabu ya kumsulubisha, kwani walikuwa wametawanyika muda mrefu kabla ya kuzaliwa kwake. Na msalaba wenyewe ulikuwa adhabu ya Warumi: katika Kanuni ya Imani twamtaja Ponsio Pilato, hatulitaji taifa la Wayahudi.

Isaac hakusema kwamba Ukristo ndio uliomzaa Hitler, ambaye aliichukia hata imani yetu. Alisema kwamba mafundisho ya dharau, yaliyorudiwa karne kwa karne katika mahubiri na katika vitabu vya watoto, yaliilainisha ardhi ambayo chuki ilipandwa juu yake. Wako wataalamu Wakatoliki walioona kwamba mahali pengine aliyapunguza makali ya maneno ya Injili, na yeye mwenyewe hakuwa Mkristo. Lakini shina la hoja yake halikung'oka.

Tarehe 13 Juni 1960, akiwa mzee wa miaka 82, alipokewa na Baba Mtakatifu Yohane wa 23, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowadhalilisha Wayahudi. Isaac alimkumbusha kwamba Katekisimu ya Mtaguso wa Trento, iliyotolewa mwaka 1566, iliwafundisha Wakristo kuona hatia ya mateso ya Bwana kwanza katika dhambi zao wenyewe. Alipouliza kama aweza kuondoka na tumaini kidogo, Baba Mtakatifu alimjibu kwamba anastahili zaidi ya tumaini. Kazi hiyo alikabidhiwa Kardinali Augustin Bea. Isaac alifariki mwaka 1963, asiuone mwisho wake. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilipitisha tamko la Nostra aetate kwa kura 2,221 dhidi ya 88, likifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo.

Je, sisi yatuhusu nini, tunaokaa mbali na mambo hayo? Yatuhusu sana, kwani mtoto hujifunza dini kwanza nyumbani. Wazazi wangapi, wakisimulia habari za Ijumaa Kuu, husema kwa kifupi kwamba Wayahudi walimwua Yesu? Anayesema hivyo amesahau kwamba Maria, Yosefu, Petro na wale wanawake waliosimama chini ya msalaba walikuwa Wayahudi pia. Na mtoto aliyezoea kuhesabia taifa zima kosa la watu wachache, kesho atafanya vivyo hivyo kwa kabila la jirani yake.

Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Katika Misa tunatamka Amina, Aleluya na Hosana, maneno ya Kiebrania aliyoyajua Bwana Wetu mwenyewe. Mtakatifu Paulo alitufananisha na tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa, akatuonya tusijivune, maana si tawi linalouchukua mzizi. Wazazi na wasimuliapo tena habari za Mateso, wawataje waliotenda, yaani baadhi ya wakuu wa Yerusalemu, Pilato na askari wake. Kisha wawafundishe watoto kusema pamoja nao kwamba ni kwa ajili ya dhambi zetu.