Tezi dume: kung'oa au kungoja?

Daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo anajibu maswali ya wasomaji.

Jirani yangu alifanyiwa tezi dume, baada ya siku chache yuko barazani anacheza bao. Mimi naambiwa yangu ni kazi kubwa. Kwa nini?

Huenda jirani yako bado anayo tezi yake. Ikivimba kwa umri tu, bila saratani, tunaikwangua kwa ndani kupitia njia ya mkojo na kuacha ganda. Yako ina saratani, kwa hiyo inang'olewa nzima pamoja na vifuko vya manii, kisha kibofu kinashonewa kwenye njia ya mkojo iliyobaki. Ipo na ya tatu ambayo watu huichanganya na hizi: kutolewa korodani, saratani ikishatoka nje ya tezi, ili kuinyima homoni inayoilisha. Kabla hujatia saini, uliza unafanyiwa ipi.

Nisipokatwa, nitakufa?

Inategemea saratani yako ni ya namna gani. Yenye alama 6 za Gleason, yaani kipimo cha ukali wa saratani, inaweza kutulia miaka mingi, nayo tunaifuatilia kwa vipimo tu. Yenye 8 na kuendelea haichekewi.

Uingereza waliwagawa kwa kura wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi: wengine wakatwe, wengine wapigwe mionzi, wengine wafuatiliwe. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliouawa na saratani hiyo walikuwa 45, na makundi yote matatu yalikaribiana. Yalipopishana ni katika kusambaa: asilimia 9.4 kwa waliofuatiliwa, 4.7 kwa waliokatwa. Na zaidi ya nusu ya hao waliofuatiliwa waliishia kutibiwa.

Nikiri kwamba takwimu hizo sizibebi zilivyo. Karibu wote walikuwa Wazungu, tena wengi waligunduliwa mapema kwa kipimo cha damu cha PSA. Sisi weusi ugonjwa huu hutupata zaidi, na wengi wetu tunafika hospitali umeshakua. Wagonjwa wangu naona wanafanana zaidi na wale 695 wa Sweden, Finland na Iceland, walioingizwa kwenye utafiti kuanzia 1989, wakati PSA haijaenea. Wengi wao uvimbe ulikuwa unapapasika kwa kidole. Waliokatwa, wakilinganishwa na walioachwa, walijipatia wastani wa karibu miaka 3 ya uhai katika miaka 23.

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 78, ana sukari na moyo unamsumbua. Ndugu tumekaa, tumeamua akatwe.

Marahaba, mwanangu. Faida ya kisu huonekana baada ya miaka mingi, lakini maumivu yake ni ya wiki hii hii. Ndiyo maana kwa kawaida tunamkata mtu tunayemtarajia kuishi miaka 10 au zaidi. Kwa mzee wako usingizi wa chumba cha upasuaji wenyewe ni hatari. Zungumzeni na daktari kuhusu mionzi, sindano za homoni, au kumwangalia tu. Halafu, kwenye hicho kikao chenu, mwenye tezi aliitwa?

Mume wangu anaogopa mkojo na mambo ya ndoa. Anaona haya kuuliza, nauliza mimi.

Umefanya vizuri, dada. Tezi hii, inayotoshana na kungumanga kubwa, imekaa chini kabisa ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mkojo unazuiwa na vibanio viwili. Tukiing'oa, cha juu kinaondoka nayo, na cha chini kinabaki kufanya kazi peke yake.

Atakaa na mpira wa mkojo wiki moja au mbili. Siku ukitolewa atafurahi, kisha atasimama kitandani na suruali italowa. Atalowa akipiga chafya, akiinua ndoo, akicheka. Mnunulie pedi kabla ya siku hiyo, asihangaike kukunja vitambaa. Aanze mazoezi: abane misuli kama anayezuia ushuzi mbele za wakwe, ahesabu hadi kumi, alegeze, arudie. Katika utafiti wa Uingereza, waliotumia pedi baada ya miezi 6 walikuwa asilimia 46. Baada ya miaka 6, 17.

Mambo ya ndoa ni magumu zaidi. Mishipa ya fahamu ya kusimamisha uume inapita ubavuni mwa tezi, myembamba kama uzi. Tunaiacha tukiweza, lakini saratani ikiwa imeikaribia, hatuwezi. Katika utafiti huohuo, miezi 6 baada ya kukatwa, wenye nguvu za kutosha tendo walikuwa asilimia 12 tu, ingawa kabla walikuwa 67. Wengine hurudi polepole, kwa miaka miwili hivi, na vidonge husaidia baadhi yao. Mbegu hazitatoka tena, lakini raha ya kufika kileleni hubaki. Kama mnataka mtoto mwingine, semeni kabla ya upasuaji.

Eti kisu kikigusa saratani inasambaa?

Hapana. Wengi waliokufa baada ya kukatwa walikuwa wameshachelewa.

Nimuulize nini daktari wangu?

Ameng'oa ngapi mwaka huu. Akisema mbili, omba rufaa kwa mwenye mkono uliozoea. Kwa saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, wiki chache za kumtafuta kwa kawaida hazidhuru.